Harufu Mmeipeleka Wapi

Mlangoni wanatoza elfu mbili,
wazee elfu moja.
Shangazi Mwanatumu akafungua fundo la leso,
akahesabu, akasita:
"Zamani mimi ndiye niliyelipwa kuingia humu."
Mkata tiketi akacheka,
akadhani ni mzaha.

Tulikuja kwa baiskeli kutoka Makorora,
yeye kwenye keria, kakaa upande,
buibui kalikusanya lisiliwe na spoki.
Njia nzima hakusema neno,
ila pale kwenye kona ya kushukia bandarini:
"Hapa ndipo king'ora kilipotukuta.
Ukikisikia ungali hapa, umeshachelewa,
nusu siku imekwenda na maji."

Ndani, sakafu inang'aa.
Kuta zina chokaa mpaka darini.
Mashine ya kufunga vifuniko imepakwa kijani
ambacho haikuwa nacho,
imezungushiwa kamba nyekundu
kama mbuzi wa sadaka.

Kijana wa maelezo, Shekiondo,
shati limepigwa pasi hata mikono imesimama,
anatuonyesha: samaki walishushwa hapa,
wakaoshwa hapa, wakakatwa vichwa pale,
wafanyakazi mia na ishirini, wengi wao kina mama.
Shangazi anaitikia kwa kichwa, kama mtu
anayesikiliza wasifu wa marehemu
ukisomwa na asiyemjua.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "samahani.
Harufu mmeipeleka wapi?"

Shekiondo akatazama karatasi yake.
Harufu haikuwamo.

Basi akaieleza yeye.
Ilivyoingia kwenye kucha, kwenye nywele,
kwenye pindo la leso ya sikukuu iliyofungiwa sandukuni.
Ilivyokataa ndimu, ikakataa majivu, ikakataa udi.
Ilivyomtangulia mtu nyumbani,
paka wote wa Barabara ya Kumi na Tatu
wakatoka kumlaki kama mkuu wa wilaya.
Ilivyomkimbiza mchumba wa Zaituni:
alikuja mara moja, akakaa karibu na dirisha,
akanywa kahawa nusu kikombe,
hakuonekana tena.
"Lakini mwisho wa mwezi," akasema,
"tukikaribia duka la Bharmal,
alitusikia kwa pua kabla hajatuona,
akafungua daftari la madeni, akatabasamu.
Siku zote tulinuka.
Siku hiyo tu tulinukia."

Watalii wawili waliokuwa nyuma yetu
walikuwa wameshuka chini kupiga picha mizani.
Shangazi akapitisha mkono juu ya kamba,
kidole cha shahada kimepungua pingili moja,
akaitafuta mashine chini ya ile rangi.

"Bibi, hairuhusiwi kugusa."

"Yenyewe ilinigusa," akasema, "haikuomba ruhusa."

Shekiondo akaisogeza kamba kidogo,
akajifanya anafunga viatu.

Kwenye kabati la kioo kuna lebo peke yake,
vibua watatu wanaogelea kwenye nyanya,
macho yamechorwa kope kama ya binadamu.
Kopo lenyewe, wameandika, halijapatikana.
Mwenye nalo aombwa alilete.
Nikamtazama shangazi.
Shangazi akatazama dari.

Maana nyumbani lipo.
Lilitoka kiwandani limebonyea ubavu,
kasoro, halifai kwenda dukani,
pamoja na nduguze watano chini ya leso.
Mmoja akawa koroboi: kwa moshi wake nilijua a, e, i,
nikaamka asubuhi na masizi puani.
Wawili niliwakata magurudumu,
gari likafika hadi kwa jirani na kurudi.
Wengine sijui, kutu haina kumbukumbu.
Hilo moja limebaki kwenye gunia la mchele,
mdomo umelainika kwa kuchota.

Usiku ule akapima vikopo viwili,
akanitazama, akaongeza nusu.
Sikuuliza kuhusu kabati la kioo.
Akalikung'uta kopo,
akaingiza pua ndani,
upesi, kama mtu anayeiba,
kisha akalirudisha guniani
akafunga kamba mara mbili.